Mbolea yako inaishia Pangani

Ndugu mkulima, maji yetu yapitayo Soni huteremka Mombo, huingia Mto Mkomazi, kisha Pangani hadi baharini. Pale mtoni, chumvi na maji baridi vinapokutana, huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, chakula cha uduvi na samaki wachanga. Udongo na yurea vikizidi, vijimea hufumka, maji hubadilika rangi. Vikioza, hewa majini huisha na samaki hufa.

Kuzuia udongo si habari mpya huku. Miaka ya 1950 Waingereza walilazimisha matuta, na faini juu. Wazee waligoma, nami siwalaumu. Mwaka 1981 SECAP ilileta majani ya guatemala kwenye kontua: yanashika udongo, ng'ombe anakula. Hayo watu waliyapokea. Mstari wako umekatika? Pandikiza masika yakianza.