Kikopo cha krimu kiko na historia: chunusi, radiumu ya Katanga na migongo ya Holmesburg

Wiki hii siandiki juu ya uchaguzi wala juu ya mishahara ya walimu. Naandika juu ya chunusi, vile vipele vya uso vyenye vijana wa kwetu wanaita "ma-boutons". Najua kuna wenye wameshaanza kucheka: mtu mwenye lisansi ya historia anapoteza karatasi juu ya vipele! Muniache kwanza nimalize. Kila mmoja wetu iko na mdogo nyumbani mwenye anajificha na kitambaa mbele ya kutoka, na sisi wenye diplome ndio wanatuuliza dawa.

Tuanzie Roma. Katika karne ya 1, Celsus, mwenye aliandika kitabu kikubwa cha utabibu kwa Kilatini, alipofika kwenye vipele vya uso alisema kuvitibu ni karibu upumbavu, ila wanawake huwezi kuwazuia wasijali sura yao. Dawa haijapatikana bado, lakini dharau imeshafika. Miaka mingi nyuma yake, Marcellus wa Bordeaux, mtu wa ikulu ya mfalme Theodosius, alifundisha kwamba ukiona nyota inaanguka, upanguse vipele na kitambaa haraka, navyo vitaanguka pamoja na nyota. Usitumie mkono mtupu, alionya, sababu vitahamia kwenye mkono. Tucheke, lakini pole pole. Mwaka huu wa Mungu kuna mtoto hapa mjini mwenye analala na dawa ya meno kwenye paji la uso, na mwingine ananawa na mkojo wa asubuhi. Nyota ya Marcellus angalau haikuchoma ngozi.

Sasa tuje kwetu, juu ya hiyo historia inapita kwetu kweli kweli. Madini ya Shinkolobwe, kule Katanga, yaligunduliwa mwaka 1915. Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyachimba mwaka 1921, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiumu ya kwanza. Mawe yetu yalikuwa tajiri sana, mpaka wachimbaji wa Marekani walishindwa bei wakafunga, na kwa miaka mingi Ubelgiji ndiyo ilikuwa bosi wa radiumu duniani. Radiumu ilikuwa kitu cha ajabu, inang'aa gizani, na watu waliamini chenye kinang'aa kinaleta afya. Wakaitia hospitalini, wakaitia kwenye mishale ya saa, na mwishoni wakaipaka kwenye sura.

Paris, miaka ya 1930, kulikuwa na krimu inaitwa Tho-Radia, yenye toriumu na radiumu ndani yake. Ilitangazwa na jina la daktari Alfred Curie, mwenye hakuwa hata na undugu na Marie Curie, lakini jina lilitosha. Krimu ilijisifu inatibu vipele, wekundu, madoa na mikunjo, yote kwa pamoja. (Ukisikia krimu moja inatibu magonjwa saba, ujue umeshakutana na mjukuu wa Tho-Radia.) Wakati huo huo, kule Shinkolobwe, Mkongomani alikuwa anachambua mawe yale na mikono yake, na hakuna mwenye alimwambia yanafanya nini kwa mwili. Mabibi wa Paris nao hawakuambiwa. Tofauti ni kwamba wao walikinunua kikopo kwa hiari yao.

Radiumu haikuwa peke yake. Tangu mwanzo wa karne ya 20, waganga wa Ulaya na Marekani waliwapiga vijana wenye chunusi na mionzi ya X usoni. Ilifanya kazi, sababu mionzi ilikausha tezi za mafuta. Lakini miaka ikapita, na kati ya watu wale kansa ya tezi ya shingo ikaonekana zaidi kuliko kwa wengine. Ule mtindo ukaachwa. Kisha antibiotiki zikaingia: Aureomycin mwaka 1948, na ndugu zake wa familia ya tetrasiklini wenye tunawajua mpaka leo kwenye kila farmasi.

Mahali penye nilikaa muda mrefu katika kusoma ni Philadelphia, kwenye gereza la Holmesburg. Mwaka 1951 Albert Kligman, munganga wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliitwa pale kuangalia ugonjwa wa fangasi miguuni. Aliona mamia ya watu wamefungwa mahali pamoja, wanakula chakula kimoja, hawatoki. Kwa mtafiti ile ilikuwa shamba. Tangu hapo mpaka 1974, majaribio hayakukoma: sabuni, manukato, krimu, dawa za jeshi. Walipakwa vitu mgongoni kwa viraka vilivyopangwa kama dama, wengine walikatwa vipande vya ngozi. Wengi walikuwa Weusi, na wengi hawakuwa hata wamehukumiwa. Walikuwa wanangoja kesi na hawakuwa na pesa ya dhamana. Walilipwa dola kidogo. Kwa mtu mwenye anatafuta dhamana, dola kidogo ni mlango.

Kuna jaribio moja lenye linahusu chunusi moja kwa moja. Kampuni ya Dow Chemical ilitaka kujua dioksini inafanya nini kwa ngozi, sababu wafanyakazi wake walikuwa wanatoka vipele vikubwa vinavyoitwa klorakne. Kligman, katikati ya miaka ya 1960, aliipaka kwa wafungwa karibu 70, na kwa baadhi yao alipandisha kipimo mbali sana kuliko kile chenye kampuni yenyewe ilikubali. Dioksini ni kati ya sumu mbaya sana zenye tunajua.

Na ni mtu huyo huyo, niseme bila kuzunguka, mwenye alitupatia dawa ya maana. Tretinoini, mtoto wa vitamini A, ilijaribiwa na Kligman na wenzake, ikatangazwa mwaka 1969, na mwaka 1971 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikubali kwa chunusi. Mpaka leo familia yake, retinoidi, ndiyo nguzo ya matibabu. Mwaka 1969 huo huo watu wake walitoa utafiti unaosema chokoleti haileti chunusi. Walitumia watu 65, na kati yao kulikuwa wafungwa, na pesa ilitoka kwa chama cha watengeneza chokoleti. Mimi sisemi chokoleti iko na makosa. Nasema tu, tunapofundishwa kritiki ya chanzo mwaka wa kwanza wa historia, hii ndiyo mifano inatakiwa.

Basi mbona yote hii inanihusu mimi wa Bukavu? Juu ya mwaka 1975. Mwaka ule Kligman na mwenzake Willis walitangaza fomula ya kuondoa madoa meusi: hidrokinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1, na deksametasoni, ambayo ni kortikoidi, asilimia 0.1. Ilikusudiwa kwa munganga, kwa doa, kwa muda mfupi. Hidrokinoni yenyewe iko na ndugu mwenye alijulikana kwa bahati mbaya: mwisho wa miaka ya 1930, katika kiwanda cha ngozi kule Illinois, wafanyakazi Weusi walianza kupoteza rangi ya mikono, na ikaonekana ni dawa iliyokuwa ndani ya glavu zao za mpira. Kuna mtu aliona ajali hiyo akaona biashara.

Afrika Kusini ilikuwa soko kubwa. Mwaka 1975 Findlay na wenzake walieleza hali yenye iliwapata wanawake wengi wenye walipaka hidrokinoni miaka na miaka: ngozi ya mashavu inageuka nyeusi ya bluu, ngumu, kama imepigwa na makaa, na hairudi. Mwaka 1990 nchi ile ilipitisha kanuni ya kuizuia katika vipodozi. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi walianza kukamata krimu hizi madukani mwisho wa 2018. Kwetu zinauzwa mezani, kati ya nyanya na sabuni.

Hapo ndipo mdogo wangu anaingia. Iko na miaka 16, mwaka wa tano wa sekondari, na amenikubalia niandike. Mwaka jana siku moja aliniambia: "Yaya, miye siendi tena ku masomo. Banacheka sura yangu." Mama alimwambia zitaisha akiolewa. Mama mdogo akaleta ndimu. Rafiki yake ndiye alimpeleka sokoni akanunua kikopo kidogo cha kuondoa ma-boutons na alama zake. Wiki ya kwanza ilikuwa muujiza, uso ulikuwa laini, hata mimi nilimsifu. Mwezi wa tatu vipele vilirudi vingi, vyote saizi moja, na mashavu yalikuwa mekundu yanawasha akikaa juani.

Nikasoma kikopo. Klobetasoli na hidrokinoni. Ni fomula ya 1975, ila bila munganga, na mahali pa deksametasoni wameweka kortikoidi yenye nguvu zaidi, moja ya zile kali kabisa. Kortikoidi inazima uvimbe haraka, njo maana wiki ya kwanza inadanganya. Kisha inapunguza unene wa ngozi, inaleta chunusi zake yenyewe, na ukiiacha gafula uso unawaka. Mtoto anadhani dawa imepungua, anaongeza. Munganga mwenye alimwona alimpangia namna ya kuiacha, na alimwambia wazi kwamba wiki za kwanza zitakuwa mbaya. Zilikuwa mbaya. Alikaa chumbani siku nne.

Sasa yenye inasaidia kweli, nitaeleza vile mimi nimeelewa, kisha kila mtu aende kumuuliza munganga wake. Chunusi si uchafu, wala si tamaa ya mwili kama wazee wanasema. Homoni za ujana zinaamsha tezi za mafuta, kinyweleo kinaziba, bakteria moja yenye inaishi kwa kila mtu inazidi ndani, na mwili unaitikia na uvimbe. Ndiyo maana kunawa mara tano kwa siku hakusaidii. Mara mbili na sabuni laini inatosha. Kwa chunusi za kawaida, dawa ya kwanza ni peroksidi ya benzoili, asilimia 2.5 au 5, au retinoidi ya kupaka kama adapaleni, mara nyingi zote mbili. Peroksidi inachuja rangi ya nguo na mashuka, mupake na fulana nyeupe. Retinoidi inakausha na kuwasha mwanzoni. Unaanza kidogo, usiku, siku moja unapaka siku moja unaacha. Asidi azelaiki ni nzuri kwa ngozi yetu sababu inasaidia pia alama nyeusi. Ikiwa vipele ni vingi na vinauma, munganga anaweza kuongeza doksisiklini kwa miezi mitatu hivi, lakini si peke yake, juu ya bakteria zinazoea.

Kwa chunusi kali zenye zinaacha makovu kuna isotretinoini, imekubaliwa Marekani tangu 1982. Ni ya nguvu, na inaharibu mtoto tumboni vibaya sana. Msichana hawezi kuipata kwa rafiki wala kwa mtandao. Inataka munganga, kipimo cha mimba na kinga ya uzazi.

Kitu kimoja chenye hakuna mwenye anawaambia watoto: wiki nane mpaka kumi na mbili. Mbele ya hapo huwezi kusema dawa imeshindwa. Kikopo cha soko kinashinda juu ya hesabu hiyo tu. Kinajibu kwa siku saba. Na mafuta mazito ya nywele yanashuka kwenye paji la uso. Kligman na wenzake ndio waliandika hiyo pia, mwaka 1970, juu ya wanaume Weusi wa Marekani wenye walipaka pomadi. Mdogo wangu alipobadilisha mafuta ya nywele, paji la uso lilikuwa la kwanza kutulia.

Pesa ni tatizo, sitaficha. Tyubu moja ya adapaleni ni ghali kuliko kikopo cha soko, na munganga wa ngozi si kila mji uko naye. Kituo cha afya cha mtaa kinaweza kuanza na peroksidi. Sisi tulipunguza mambo mengine nyumbani ili tyubu ya pili ipatikane.

Yuko mwezi wa tano sasa. Ma-boutons yamebaki machache kwenye kidevu, alama bado ziko, anaenda masomo. Nilimsimulia Holmesburg siku moja tukiwa tunasubiri maji, na aliuliza swali moja: "Bale bafungwa, bali-balipa?" Nikamwambia mwaka 2000 karibu 300 kati yao walienda mahakamani, na kesi ilikataliwa juu muda wa kisheria ulikuwa umepita. Mji wa Philadelphia uliomba msamaha mwaka 2022. Akanyamaza, akachukua bidoni yake, maji yalikuwa yamefika.