Kipaza sauti na namba 111111

Historia ya kuchangia maafa Afrika Mashariki husimuliwa kama historia ya ukarimu. Ukiitazama kwa makini, ni historia ya swali moja: kinachotangazwa ni jina la mtoaji au njia ya fedha? Harambee, ambayo Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa la Kenya mwaka 1963, ilijenga shule na zahanati, lakini miaka ilivyokwenda ikamjali mtoaji kuliko tofali. Bahasha ilifunguliwa mezani, mshereheshaji akasoma jina na kiasi kwa kipaza sauti, kisha kikafuata cha “marafiki” wa mheshimiwa. Mfanyakazi wa chini alitoa kwa sababu mkubwa wake ndiye aliyeshika daftari. Ndiyo maana sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 nchini Kenya ilipiga marufuku kugeuza ofisi ya umma kuwa uwanja wa harambee na kumshurutisha mtu achange.

Julai 27, 2011, wiki moja baada ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, na Turkana, kaskazini mwa Kenya, nako watu wakidhoofika kwa ukame, ilizinduliwa kampeni ya Kenyans for Kenya. Wakfu wa Safaricom, benki ya KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walilenga kupata shilingi milioni 500 katika mwezi mmoja. Mchangiaji aliingiza namba 111111 kwenye M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu ya Safaricom, kiasi kuanzia shilingi 10, kisha namba yake ya siri. Hapakuwa na meza wala kipaza sauti, na tarishi alitoa kwa faragha ileile aliyokuwa nayo mkurugenzi. Lengo lilivukwa, likapandishwa hadi bilioni 1.

Atakayesema kampuni hizo zilijijengea jina hajakosea. Ila chenye thamani kubwa zilichotoa hakikuwa hundi, bali njia: mtandao wa simu, akaunti, muda wa hewani. Hoja nzito zaidi ni kwamba ukame hauji kwa ghafla, na kuwalisha raia ni kazi ya bajeti ya serikali. Ni kweli, na mchango hauifuti kazi hiyo. Lakini mwenye njaa hawezi kungoja bajeti ijayo, na mchango uliohesabiwa hadharani huonyesha ukubwa wa pengo lililoachwa.

Njia isipokuwa wazi, imani huvunjika hata pale ukarimu ulipo. Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, Tanzania, lilipobomoa nyumba, wafanyabiashara na mabalozi walichanga. Ndani ya mwezi huohuo watendaji waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na lile la akaunti ya maafa. Januari 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, bali itarejesha miundombinu ya umma. Uamuzi huo una mantiki yake, kwani shule ni ya wengi. Kasoro ni kwamba ulisikika wazi baada ya watu kuchanga, wala si kabla. Hivyo mwajiri anayebandika ukutani orodha ya makato ya wafanyakazi wake kwa ajili ya maafa anarudisha kipaza sauti cha zamani. Cha kubandika ni stakabadhi za fedha zilikokwenda.