Mifumo ilipoanza kusomana: kutoka California hadi Isingiro

Mfanyabiashara wa Isingiro, wilayani Kyerwa, akitaka kulipa ada ya serikali siku hizi hupewa namba ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo wengi huiita kontroo namba. Anabonyeza *150*00#, anachagua malipo ya serikali, anaingiza namba ile, anathibitisha kwa namba ya siri. Muda mfupi baadaye simu inalia: malipo yamepokelewa. Katika sekunde hizo chache mtandao wa simu, Wizara ya Fedha na taasisi inayodai fedha zimeulizana na kujibizana, na hakuna mtumishi aliyeshika karatasi.

Kwa wilaya iliyo kwenye kona ya kaskazini magharibi ya nchi, ikipakana na Uganda na Rwanda, hili si jambo dogo. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kabla ya hapo makao ya wilaya ya watu wa Isingiro yalikuwa Kayanga, na mambo ya mkoa yalimpeleka mtu Bukoba, zaidi ya kilomita 100. Hati ilifuatwa kwa basi. Ikikosekana saini moja, mtu alilala mjini au alirudi nyumbani mikono mitupu. Namna mifumo ya kompyuta ilivyojifunza kusomana ni sehemu ya historia ya watu hawa, ingawa ilianzia mbali sana nao.

Msingi wake ni kile wataalamu wanachokiita huduma za wavuti. Programu moja hutuma ombi kupitia intaneti kwa programu nyingine, kwa muundo ambao pande zote mbili zimeukubali, nayo hurudishiwa jibu kwa muundo unaojulikana. Ni kama dirisha la karani: muulizaji haingii ofisini wala hapekui majalada, lakini akiuliza inavyotakiwa hujibiwa. Mjenzi wa tovuti hahitaji kutunza taarifa zote za dunia. Huenda kwenye dirisha la mwenye nazo.

Lugha ya kuandikia maombi hayo ilianza kupata sura mwaka 1998, ulipotangazwa rasmi muundo wa XML, unaofungia kila taarifa ndani ya vibandiko vinavyoeleza ni taarifa gani. Mwaka huohuo wahandisi, baadhi yao wa Microsoft, walianza kubuni SOAP, utaratibu wa kuita kazi za kompyuta ya mbali kwa ujumbe wa XML. Mwaka 2000 Roy Fielding, katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine, alieleza mtindo mwepesi zaidi alioupa jina la REST, unaotumia kanuni zilezile za kufungulia kurasa za wavuti. Mwaka 2002 Amazon ilifungua huduma zake kwa wajenzi wa nje, na mwaka 2005 Google ikaruhusu ramani zake ziwekwe ndani ya tovuti za watu wengine.

Afrika Mashariki haikuchelewa kuitumia ruhusa hiyo. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walijenga Ushahidi kwa siku chache tu. Wananchi walituma taarifa za matukio, nayo tovuti ikaziweka juu ya ramani. Hakuna kati yao aliyekaa kuchora ramani ya Kenya. Waliiomba kwa aliyenayo, wakautumia muda wao katika kazi iliyokuwa inaokoa watu. Kazi ile ilionyesha mapema faida ya kujenga juu ya huduma ya mwingine.

Fedha ndizo zilizouleta utaratibu huu hadi vijijini. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Lakini kila mtandao ulikuwa kisiwa. Aliyetuma fedha kwenda mtandao mwingine alimpelekea mwenzake tokeni, na mpokeaji alilazimika kumtafuta wakala wa mtandao wa mtumaji ili azitoe. Ndiyo maana watu wengi walitembea na laini mbili au tatu, na mawakala wakapanga simu kadhaa mezani.

Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, akaunti kwa akaunti. Vodacom iliingia mwaka 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani ambako kampuni za simu zinazoshindana zimeruhusu fedha za mteja kuvuka mipaka ya mtandao. Mashine za kufanya hivyo zilikuwepo muda mrefu. Kilichosubiriwa ni mkataba: nani atamlipa nani, ada itagawanywaje, muamala ukikwama njiani nani atabeba mzigo wa kumrudishia mteja fedha zake.

Mwaka huohuo wa 2014 Tigo iliunganisha huduma yake ya Tanzania na ile ya Rwanda, fedha ikatumwa kwa shilingi na kupokelewa kwa faranga. Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa, ambao soko la ng'ambo ya Mto Kagera liko karibu nao kuliko Dar es Salaam, maana yake haikuhitaji maelezo.

Muungano wa wawili wawili, hata hivyo, una kikomo chake. Mitandao minne inahitaji viungo 6. Taasisi 10 zinahitaji viungo 45, na taasisi 40 zinahitaji 780, kila kimoja na mkataba wake, majaribio yake na hitilafu zake. Benki Kuu ya Tanzania ikajenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo, ili benki na kampuni za simu ziunganishwe kupitia kituo kimoja. Taasisi 40 zikiungana kwa njia hiyo, viungo ni 40 tu.

Serikali nayo ilichukua njia ya kituo kimoja. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ilianzisha mfumo wa malipo ya serikali kwa njia ya kielektroniki, unaojulikana kwa kifupi chake, GePG. Utendaji wake unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake somo zima la huduma za wavuti linaonekana. Mfumo wa taasisi huandaa ankara kwa XML: jina la mlipaji, kiasi, maelezo ya deni, tarehe ya mwisho. Huitia saini ya kidijitali, kisha huituma. GePG huikagua saini ile, na ikiridhika hurudisha jibu fupi lenye msimbo 7101, maana yake ombi limepokelewa salama. Kontroo namba haiji hapohapo. Huja baadaye katika ujumbe mwingine, na safari hii GePG ndiyo inayobisha hodi kwenye mfumo wa taasisi. Mlipaji akiingiza namba kwenye simu, mtandao wake huiuliza GePG deni ni la nani na ni kiasi gani. Akishalipa, taarifa hurudi hadi kwa mwenye ankara. Baada ya hapo hufanyika usuluhishi wa hesabu na benki, kuhakikisha kila shilingi iliyotangazwa imeingia kweli.

Saini ile ya kidijitali ndiyo inayozuia mtu wa kando kujifanya halmashauri au kubadili kiasi njiani. Na risiti haiandikwi tena kwa mkono, kwa hiyo nafasi ya fedha ya umma kuishia mfukoni mwa mtu imepungua.

Hata hivyo, dirisha likiwa moja kwa nchi nzima, nalo likifungwa, nchi nzima husubiri. Mei 2021 hitilafu kwenye LUKU, mfumo wa umeme wa malipo ya kabla, iliwafanya wateja wa shirika la umeme, TANESCO, washindwe kununua umeme kwa simu kwa siku kadhaa, na foleni zikarudi kwenye ofisi za shirika. Mjenzi wa mfumo anayewajali watu hujiuliza mapema: mwenzangu asipojibu, mteja wangu afanye nini?

Lipo pia swali la aliyeachwa nje. Kuanzia Mei 2019 usajili wa laini ulianza kufanywa kwa alama za vidole: kifaa cha wakala hutuma alama na namba ya kitambulisho kwenye mfumo wa NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na kurudishiwa jibu. Asiye na namba ya NIDA hana cha kuuliza. Katika mikoa ya mpakani kama Kagera, ambako uhakiki wa uraia ni mkali zaidi, jambo hili limewagusa watu wengi wasio na kosa lolote. Taarifa zinazozunguka hivyo ni mali ya watu, na ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni ya kusomwa na kila anayejenga mfumo.

Leo kauli ya mifumo isomane inasikika kutoka kwa Rais Samia Suluhu Hassan hadi kwenye vikao vya halmashauri. Historia hii inaonyesha kwamba agizo peke yake halitoshi. Mitandao ya simu ilisomana ilipokubali kanuni za pamoja, na GePG ilifanya kazi kwa sababu muundo wa ujumbe wake uliandikwa ukajulikana kwa kila taasisi. Kenya ilielewa hivyo pia: mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, ikawapa wajenzi wa programu njia ya wazi ya kuunganisha tovuti zao na M-Pesa, na kijana mwenye kompyuta moja akaweza kupokea malipo kama duka kubwa.

Karagwe na Kyerwa zina kazi zinazolingoja daraja la namna hiyo. Mkulima wa robusta anayeuza butura, kahawa ikiwa bado mtini na kwa bei ya kutupa, mara nyingi hufanya hivyo kwa kukosa fedha ya haraka. Mizani ya chama cha msingi ikisomana na benki na simu, kilo alizopeleka zinaweza kumdhaminia mkopo halali siku hiyohiyo. Vyama vya ushirika, vyama vya akiba na mikopo, hospitali na shule zinanunua mifumo kila mwaka. Kabla ya kusaini mkataba, viongozi wao wamwombe muuzaji awape maandishi ya namna mifumo mingine itakavyozungumza na wake. Akikosa maandishi hayo, wasinunue.