Teknolojia ya kuunganisha ubongo na kompyuta kwa wagonjwa wa kiharusi

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Kwa kuwa kila nusu ya ubongo huongoza upande wa pili wa mwili, mgonjwa mara nyingi hupooza mkono na mguu wa upande mmoja. Kwa mvuvi au mfanyakazi wa hoteli wa Kiwengwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja, kupooza mkono ni kupoteza kipato cha familia.

Miongoni mwa njia mpya za kurejesha mwendo ni kuunganisha ubongo na kompyuta. Mgonjwa huvishwa kofia yenye vihisio vinavyopokea umeme mdogo wa ubongo, ambao Hans Berger wa Ujerumani aliurekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Mgonjwa anaponuia kufungua kiganja, kompyuta huitambua nia hiyo na kuamuru kifaa kilichofungwa mkononi kikifungue. Nia na mwendo vinapokutana mara kwa mara, ubongo hujifunza njia mpya za kuuongoza mkono.

Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha wagonjwa 32 wenye kiharusi cha muda mrefu. Wote walipatiwa tiba ya mazoezi ya viungo, lakini waliopata nafuu zaidi ni wale ambao kifaa chao kilifuata nia ya ubongo, si wale ambao kifaa chao kilijiendea chenyewe. Mwaka 2021, Marekani iliidhinisha kifaa cha IpsiHand kwa watu wazima waliotimiza angalau miezi 6 tangu kupatwa na kiharusi. Kifaa hicho husoma mawimbi ya upande wa ubongo usioathirika.

Teknolojia hii ni ghali na haichukui nafasi ya mazoezi. Hata hivyo, funzo lake halihitaji kompyuta: anaponyooshwa mkono, mgonjwa asikae tu, bali naye anuie na ajitahidi kuunyoosha, kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu.

Wananchi wanakumbushwa kwamba mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ghafla ni dalili za kiharusi, si upepo mbaya. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, na akisharuhusiwa kurudi nyumbani asikatishe mazoezi yake.