Prusia: inchi ya muchanga iliyozaa Ujerumani

Kila mara tunapozungumza juu ya mkutano wa Berlin wa 1884-1885, jina la Bismarck linarudi. Ni yeye aliyeita wakubwa wa Ulaya kuzungumza juu ya biashara ya bonde la Kongo, na ni wakati ule ule njo inchi zao zilitambua bendera ya Leopold II huku kwetu. Lakini Bismarck alikuwa mtu wa Prusia, na Prusia ilianza kama inchi ndogo ambayo hakuna aliyeihesabia. Ilifikaje pale?

Inchi ya njia

Mwaka wa 1415, jamaa la Hohenzollern lilipewa Brandenburg, eneo lenye muji wa Berlin. Udongo ulikuwa wa muchanga, mavuno kidogo. Mwaka wa 1618 jamaa hilo likarithi Prusia, mbali upande wa mashariki. Katikati kulikuwa udongo wa Poland. Mwaka ule ule vita vya miaka 30 vikaanza. Majeshi ya wageni yalipita na kurudi, yakila mazao ya raia na kuchoma vijiji. Sehemu zingine za Brandenburg zilipoteza zaidi ya nusu ya wakaaji.

Kodi na askari

Friedrich Wilhelm, aliyeshika utawala mwaka wa 1640, alielewa jambo moja: inchi isiyo na jeshi lake inakuwa njia ya majeshi ya wengine. Lakini askari asiyelipwa anageuka mwizi, na mshahara unatoka kwa kodi. Mwaka wa 1653 matajiri wenye mashamba walikubali kutoa pesa. Na wao wakaachiwa nguvu yote juu ya wakulima wao. Mzigo ukabaki kwa mkulima.

Mwaka wa 1685 alifungulia mlango Waprotestanti waliofukuzwa Ufaransa. Karibu 20,000 walikuja, wengi wakiwa mafundi na wafanyabiashara. Alipokufa mwaka wa 1688, aliacha askari karibu 30,000.

Mtoto wake alijivika taji la mfalme mwaka wa 1701. Mjukuu, Friedrich Wilhelm I, alikata matumizi ya jumba la kifalme, akapanga buro za kodi, akafikisha jeshi karibu 80,000. Hata vile, hakupenda vita. Alimwachia mtoto wake jeshi tayari na pesa katika sanduku.

Kuchukua vya jirani

Mtoto huyo, Friedrich II, hakungoja. Mwaka wa 1740, mwaka ule ule alioanza kutawala, alivamia Silesia, jimbo tajiri la Austria. Vita vya 1756-1763 vilikaribia kummaliza, lakini Silesia ilibaki yake. Mwaka wa 1772 alikata Poland vipande pamoja na Urusi na Austria. Sasa udongo wake ukaungana.

Kuanguka na kusimama

Mwaka wa 1806 Napoleon aliivunja Prusia, nayo ikapoteza karibu nusu ya udongo wake. Kipigo hicho kilileta mabadiliko: sheria ya 1807 ilianza kuondoa utumwa wa mashambani, na mwaka wa 1810 Berlin ikapata chuo kikuu. Mwaka wa 1815 Prusia ilipewa eneo la mto Rhine, lenye makaa ya mawe. Mwaka wa 1834 ikaunganisha majimbo mengi ya Ujerumani katika soko moja lisilo na forodha za ndani.

Bismarck alipochukua uwaziri mwaka wa 1862, chakula kilikuwa tayari mezani. Alipigana na Denmark mwaka wa 1864, Austria mwaka wa 1866, Ufaransa mwaka wa 1870. Tarehe 18 januari 1871, katika jumba la Versailles, mfalme wa Prusia alitangazwa kaisari wa Ujerumani.

Miaka 13 kiisha, Bismarck alifungua mkutano wa Berlin. Prusia yenyewe haipo tena: mwaka wa 1947, kiisha vita viwili vya dunia, washindi waliifuta kwa sheria. Jeshi lililoanzishwa ili raia wasiporwe lilimaliza kwa kupora jirani. Mipaka yetu ingali na alama ya mkutano ule.