Pishi Tatu za Unga

Asomaye Injili ya Mathayo katika Biblia ya Kiswahili iliyopigwa chapa mwaka 1952 huikuta habari ya mwanamke aliyetia chachu katika pishi tatu za unga. Twaisoma tukimwona mama wa nyumba akiandaa mkate wa watu wake. Lakini unga huo ulikuwa kiasi gani? Tulipojaribu kuupima, tuliona kwamba neno pishi limetupunguzia karamu.

Pishi ni kipimo cha pwani yetu, nayo ni vibaba vinne. Asili yake si uzito, ni ujazo wa chombo. Ndiyo maana wazee walitofautisha kibaba cha tele, kilichorundikwa hata kikafanya kichwa, na kibaba cha mfuto, kilichokatwa sawasawa na ukingo. Mwenye duka aliyenunua kwa tele na kuuza kwa mfuto alipata faida pasipo kusema neno la uongo. Kamusi za zamani zilizotungwa na Wazungu zasema kwamba pishi ni kama nusu galoni, tena ni kama ratili 6. Mambo haya mawili hayapatani, maana nusu galoni ya Kiingereza ya maji ni ratili 5 tu, na nafaka iliyomiminwa chomboni ni nyepesi kuliko maji. Labda aliyepima ratili alipima tele, na aliyepima galoni alipima mfuto.

Unga ni mgumu kupimwa kuliko mchele, kwa kuwa ukitikiswa hushuka, na ukichekechwa hujaa hewa. Waokaji wa Marekani, waliozoea kikombe kuliko mizani, walisumbuliwa na jambo lilo hilo. Mwaka 1896 Fannie Farmer, mkuu wa shule ya upishi ya Boston, alitoa kitabu kilichoagiza kila kikombe na kila kijiko kikatwe sawasawa. Ndio mfuto wetu. Akaweka na orodha ya kugeuza vipimo: vikombe 2 vya siagi ni ratili 1, vya sukari vilevile, lakini unga huhitaji vikombe 4. Kikombe ni kile kile.

Basi, turudi kwa yule mwanamke. Kipimo kilichotajwa kwa Kiyunani ni saton, ndiyo seah ya Waebrania. Na Sara naye aliagizwa na Abrahamu atwae seah tatu, wageni walipofika hemani. Yosefo, mwandishi Myahudi wa karne ya 1, asema saton moja ni sawa na modio moja na nusu za Kirumi, yaani lita 13 hivi. Tatu ni lita 39. Pishi tatu, kwa hesabu ya nusu galoni, hazifiki lita 7! Nasi tukikadiria kwamba lita moja ya unga usioshindiliwa yazidi nusu kilo kidogo tu, mwanamke yule alikuwa na kilo 20 mbele yake.

Hatuwalaumu wafasiri. Walihitaji neno lijulikanalo jikoni, na kama wangaliandika saton, ni nani angaliona unga? Hata hivyo, mikate ya kilo 20 yatosha watu mia kwa mlo mmoja, na kinyunga chake hakienei katika chungu cha nyumba yo yote tuijuayo.