Kadari na Uzembe: Mafunzo ya Bonde la Kidete

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, katika majumba yetu ya pwani kuna neno ambalo hutamkwa kila penye msiba: "Ndivyo ilivyoandikwa." Duka likifilisika, husemwa hivyo. Kijana akianguka mtihani, husemwa hivyo. Chombo kikizama na mali za watu, husemwa hivyo hivyo. Neno hili ni la kweli, kwani kuamini kadari, ya kheri na ya shari, ni katika nguzo za imani yetu. Lakini neno la kweli laweza kutumiwa mahali pasipokuwa pake. Aghalabu hatulitamki kwa kuwa tumeridhika na hukumu ya Mola wetu, bali kwa kuwa tunachelea kuulizwa: Je, na wewe ulifanya nini? Basi tunaifanya kadari kuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo tunauficha uzembe wetu. Matokeo yake ni kwamba kosa la jana hurudiwa leo, na la leo hurudiwa kesho.

Katika makala haya tutalitazama jambo hili kwa njia ya historia, tukianzia katika bonde moja la bara ambalo limefundisha watu wengi kwa njia ngumu.

BONDE NA MTO WAKE

Kidete ni kituo cha reli katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, baina ya mji wa Kilosa na kituo cha Gulwe kilicho upande wa Dodoma. Msafiri wa reli ya zamani atokaye Dar es Salaam, akishaiacha Kilosa, hupita Munisagara na Mzaganza, kisha hufika Kidete, na mbele yake iko Godegode. Njia nzima hiyo mto huwa ubavuni mwake. Maji ya Kinyasungwe hushuka kutoka Ugogo, na yakiingia baina ya milima ya Usagara huitwa Mkondoa. Mkondoa huingia Wami, na Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi upande wa Saadani. Kwa hiyo sisi watu wa mwambao tusidhani kuwa habari za Kidete ni habari za mbali. Maji ya mvua inyeshayo huko mwisho wake ni bahari yetu.

Zamani za misafara, bonde la Mkondoa lilikuwa mojawapo ya njia za kutoka Bagamoyo kwenda Ugogo, Tabora na Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita huko alipokuwa akimtafuta Livingstone. Kwa hakika waliomfikisha ni waungwana na wapagazi wa kwetu, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkuu wa askari wake. Masika yaliwatesa sana katika kinamasi cha Makata kabla ya kufika bondeni. Stanley aliporudi mwaka 1872 alikuta mambo mazito zaidi. Mto ulikuwa umefurika kupita kiasi, na aliandika kuwa vijiji vingi alivyoviona mwaka uliotangulia vilikuwa vimezolewa pamoja na watu na mashamba.

TUFANI YA UNGUJA

Masika hayo hayo ya mwaka 1872 hayakuisahau pwani. Tarehe 15 Aprili mwaka huo tufani kubwa iliipiga Unguja. Vyombo vilivunjika bandarini, zikiwemo merikebu za Sultani, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Kabla ya hapo Unguja ndiyo iliyokuwa mbele kwa karafuu. Baada ya hapo kilimo hicho kilistawi zaidi Pemba, na hadi leo mtu akitaja karafuu, Pemba ndiyo huja kwanza mawazoni. Wenye mashamba walifahamu kuwa mali yote isiwekwe mahali pamoja, na bei iliyopanda iliwatia moyo wa kupanda upya.

Aliyekuwa kwenye kiti cha enzi wakati huo ni Sayyid Barghash bin Said. Tufani haikuwa mtihani wake wa kwanza. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua nduguye, Sayyid Majid, akashindwa, na akapelekwa uhamishoni Bombay. Kwa mwana wa mfalme, hiyo ni fedheha isiyo ndogo. Lakini huko Bombay aliuona mji mkubwa unavyoendeshwa. Aliporudi alingoja, na mwaka 1870, Sayyid Majid alipofariki, alitawala. Baada ya tufani alijenga upya. Aliagiza merikebu mpya, iliyoitwa Glasgow, mahali pa zile zilizozama. Aliyavuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, akaleta mtambo wa kuchapia vitabu vya dini, na mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib. Yule kijana aliyeshindwa kwa silaha mwaka 1859 anakumbukwa leo kwa maji na majengo.

Lakini historia haifai kusomwa upande mmoja. Mikarafuu ile mipya ya Pemba ilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Wenye mashamba walijifunza hesabu ya mali baada ya tufani, ila hawakujiuliza juu ya haki ya wale waliowafanyia kazi. Hata mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini ulitiwa saini kwa shinikizo la Waingereza, na utumwa wenyewe uliendelea mashambani kwa miaka mingi baadaye. Hapa pana onyo kubwa. Mtu anaweza kuanguka, akainuka, akatajirika kuliko mwanzo, na bado akawa hakujifunza lile lililokuwa muhimu zaidi mbele ya Mola wake.

RELI KANDO YA MTO

Sasa turudi Kidete. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Walifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, na mwaka 1914 wakafika Kigoma. Ili kuivuka milima ya Usagara waliifuata njia ile ile iliyochongwa na mto. Tusiwacheke kwa hilo. Gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali, na bonde la Mkondoa lilikuwa mlango uliokwisha kufunguliwa. Lakini njia rahisi ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa na waliokuja baadaye. Mto uliokwisha kuonyesha tabia yake mwaka 1872 haukubadili tabia kwa sababu umewekewa reli ubavuni.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mvua kubwa zilinyesha. Mkondoa ulifurika, bwawa la Kidete likavunjika kingo, na reli baina ya Kilosa na Gulwe ikabomolewa sehemu nyingi. Katika Wilaya ya Kilosa watu zaidi ya 20,000 walipatwa na mafuriko, na wengi wakaishi katika mahema. Reli ya kati, inayolisha Tabora, Kigoma na Mwanza, ilikatika kwa miezi. Reli ilitengenezwa, lakini katika miaka iliyofuata mto uliirudia tena na tena, na kila mara mafundi walikwenda kujaza kifusi na mawe.

Je, mvua ile ilikuwa kadari? Naam, bila shaka. Hakuna tone lishukalo ila kwa amri Yake. Lakini miti iliyokatwa milimani, mchanga ulioteremka ukakijaza kitanda cha mto, bwawa lisipotunzwa, nyumba iliyojengwa pale ambapo wazee walisema maji hupita, hayo yamechumwa na mikono ya wanadamu. Mvua hatuulizwi. Hayo mengine tutaulizwa.

Ndipo lilipokuja funzo. Reli mpya ya umeme, ambayo safari zake za abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 2024, nayo hupita Kilosa na ina kituo Kidete. Haikuweza kulikimbia bonde lote. Ila haikuchukua kila hatua ya njia ya zamani, kwani katika milima ya Kilosa imetobolewa mahandaki manne ili ipite ndani ya mlima. Kazi hiyo ni ghali na ngumu, na mito ingali mito. Anayejenga karibu nayo hana ruhusa ya kulala usingizi. Lakini tofauti ni wazi baina ya kujaza kifusi pale pale kila mwaka, na kukaa chini kuuliza: Kwa nini tunaangukia hapa hapa?

UHUD NA HANDAKI

Ndugu msomaji, neno "handaki" tunalolitumia limetoka katika Kiarabu, nalo latukumbusha vita mashuhuri. Mwaka wa 3 wa Hijra, katika vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliweka wapiga mishale 50 mlimani na kuwaamrisha wasiondoke. Walipoona ushindi umekaribia na ngawira ziko mbele, wengi wao waliteremka. Adui akazunguka kutoka nyuma. Waislamu wapatao 70 waliuawa, akiwemo Hamza (R.A.), na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Tazama yaliyofuata. Kwanza, Qur'ani katika Sura Aal Imran haikuwaficha kosa lao. Walifahamishwa waziwazi kuwa masaibu yale yalitoka kwao wenyewe, na kwamba pamoja na hayo yalikuwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Hayo mawili yamewekwa pamoja, wala moja halikulifuta jingine. Pili, Mtume (S.A.W.) aliagizwa awasamehe, awaombee maghufira na aendelee kushauriana nao. Tatu, siku ya pili tu, na majeraha yangali mabichi, aliwatoa mpaka Hamra al-Asad kumfuatia adui, ili wasikae chini wakilia. Na mwaka wa 5, maadui walipokuja kwa wingi zaidi, alisikilizwa Salman Mfursi (R.A.) aliyeshauri lichimbwe handaki. Madina ikanusurika. Umma uliopigwa kwa kuacha nafasi wazi ulijifunza kuiziba nafasi.

YATUPASAYO MAJUMBANI

Mafunzo haya tuyalete nyumbani. Chukua mfano wa kijana aliyepewa mtaji na baba yake, akafungua duka, na baada ya mwaka rafu zikabaki tupu. Baba mmoja atasema "Ndivyo ilivyoandikwa," kisha atampa mtaji mwingine bila kuuliza, na mtaji huo utakwenda ulikokwenda wa kwanza. Baba mwingine atamtukana mbele za watu mpaka kijana aone haya kuingia msikitini. Wote wawili wamekosea. Wa kwanza amejaza kifusi pale pale. Wa pili ameacha mwendo wa Mtume baada ya Uhud.

Njia iliyo sawa ni kukaa na kijana huyo kwa upole, daftari likiwa mbele yao, na kujiuliza mambo matatu. La kwanza: Lipi katika haya halikuwa mikononi mwetu? Hilo tuseme Alhamdulillahi na tulisubirie. La pili: Lipi lilikuwa mikononi mwetu tukalipuuza? Je, alikopesha kila jamaa aliyekuja na maneno matamu? Alichanganya fedha ya duka na ya matumizi ya nyumbani? Je, mlikuwamo riba au udanganyifu wa mizani? Hilo tutubie na tulirekebishe. La tatu: Mara nyingine tutapita wapi? Isiwe lazima kuiacha biashara, kama vile reli haikuliacha bonde; ila tusipite pale pale kwa namna ile ile. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa muumini hapaswi kuumwa mara mbili kutoka tundu moja, na wahenga wetu wakasema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini huenda mbele yule tu anayegeuka akalitazama jiwe lililomkwaza.

Wala tusidanganyane kuwa kila aliyeanguka atainuka akiwa tajiri. Wako waliopoteza nyumba zao katika mafuriko yale wasirudishiwe kamwe walichokuwa nacho. Subira ya mtu kama huyo haipotei mbele ya Mola wake, na wajibu wetu kwake ni kumsaidia, wala si kumhubiria. Kufaulu kwa Muislamu hakupimwi kwa rafu zilizojaa tu. Aliyepoteza mali akapata ukweli juu ya nafsi yake, akarudisha haki za watu na kuanza upya kwa halali, huyo ameshafaulu hata kabla duka halijajaa.

Basi tuamini kadari kama tulivyofundishwa, na tuwache kuitumia kama pazia. Mvua ikinyesha Usagara, tuseme ni amri Yake; kisha tuamke tukautazame ukingo.

Ewe Mola wetu, utujaalie tuyaone makosa yetu kabla hayajatuangamiza, utupe nguvu ya kuyarekebisha, na utuletee subira kwa yale tusiyoyaweza. Amin.